Mfasiri, Mkalimani na Mashine

Malenga wenzangu, nina ugomvi na neno moja. Mwanafunzi wa Iringa au Mbeya anayesakinisha lugha ya C katika kompyuta ya mezani huambiwa kuwa sasa “atakompaili” programu yake. Akiuliza maana, hupewa jibu la kamusi: kukusanya. Anabaki akijiuliza anakusanya nini, ilhali mbele yake lipo faili moja tu.

Jibu hilo lina asili ya kweli. Mwaka 1952, nchini Marekani, Grace Hopper alitunga programu iliyoitwa A-0, ambayo ilichukua vipande vya maagizo vilivyokuwa tayari katika maktaba yake na kuviunganisha. Huko kulikuwa kukusanya hasa. Baadaye kazi ikabadilika, jina likasalia. Wenye Kiingereza wana haki ya kuibeba historia yao; sisi hatukutumwa kuwabebea.

Kinachofanyika leo ni kufasiri. GCC husoma matini yote ya C, huikagua sarufi yake, kisha huandika matini mpya kwa lugha ya mashine, nayo huweza kuendeshwa baadaye hata kama GCC yenyewe haipo. Python hukaa kati ya mwandishi na mashine wakati wote programu inapoendeshwa. (Najua kwamba Python hupitia kwanza umbo la kati, hata mkalimani hodari huwa na karatasi ya muhtasari mkononi.) Kiswahili kilikwisha kuzitenga kazi hizi mbili zamani: mfasiri hushughulika na maandishi, mkalimani husimama baina ya wasemaji. Atakayependa kusema “kifasiri”, kwa kuwa ni chombo, sitagombana naye.

Na mfasiri huyu ni mkali kuliko mhariri yeyote wa mashairi. Sisi shairi lenye guni hulisoma huku tukikunja uso. Yeye, nukta mkato moja ikikosekana, hurudisha kazi nzima.

Wanaoisakinisha GCC kwa kuijenga wenyewe kutoka msimbo wake wa asili huona jambo la ajabu zaidi. Kwa kawaida hujijenga mara tatu: kwanza kwa kutumia mfasiri aliyekuwapo katika kompyuta, kisha kwa kujitumia yenyewe, kisha kwa kujitumia tena, na matokeo ya awamu ya pili na ya tatu hulinganishwa. Kazi hiyo huweza kuchukua saa nyingi katika kompyuta dhaifu. Ndivyo ilivyo Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981: Kiswahili kinachojieleza kwa Kiswahili.

Silipigii neno hili kelele kwa anasa. Kijana wa Kilolo aliyelelewa kwa Kihehe, au wa Tukuyu aliyelelewa kwa Kinyakyusa, husoma shule ya msingi kwa Kiswahili na sekondari kwa Kiingereza. Kosa la programu likitokea, huelezwa kwa lugha ya tatu kuhusu lugha ya nne. Wengi huhesabiwa kuwa hawana akili ya hesabu, kumbe hawakuuelewa ujumbe.

Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili, basi njia inajulikana. Jumbe za GCC nazo huweza kutafsiriwa katika mafaili ya pembeni bila kuigusa mitambo yake. Naanza na huu: “Mstari wa 7: nukta mkato ilitarajiwa hapa.” Mwenye lugha tamu zaidi anisahihishe.