Risiti ya Kifurushi Si Bima
Mchongaji wa Wamunyu, Machakos, anayetuma kinyago cha mpingo Mombasa mara mbili tatu kwa mwaka hahitaji bima ya mwaka mzima. Inamtosha ya safari moja, inayolipiwa mzigo kwa mzigo. Asidanganyike na risiti ya kampuni ya vifurushi: asome masharti, kwani mara nyingi fidia yake ina kikomo kilicho chini mno ya thamani ya mzigo. Atangaze thamani halisi kabla ya kukabidhi, apige picha, ahifadhi ankara. Hata hivyo, bima ya shehena kwa kawaida hailipii ufungaji mbovu wala ufa wa mti uliochongwa mbichi ukakaukia njiani. Hasara hiyo huzuiwa karakanani, si kwa wakala wa bima.