Ngalawa ipae, ila ipae kwa mkono wa fundi wetu

Kimandolu, Jumapili usiku.

Najua nimekuwa kimya, testi zilitubana mpaka kwenye kona. Leo nilipanga niwaandikie vituko vya chuo kama kawaida, lakini kuna ubishi umenikaa kooni tangu Alhamisi na nisipoutoa hapa sitalala.

Tulikuwa kijiweni kwa muuza chipsi. Jamaa yetu mmoja wa uhandisi akatoa simu, akatuonyesha kijiboti cha mtu mmoja kinaitwa Moth. Wadau, lile dude halielei, linapaa! Tumbo la boti liko juu hewani, majini zimebaki fito mbili tu zenye mabawa kwa chini. Jamaa akatangaza: "Mashindano ya ngalawa Zanzibar yangekuwa hivi. Wanunue haya mabawa huko nje, wafunge, mchezo umekwisha." Dada mmoja anayesoma utalii akaruka: "Thubutu! Ngalawa ni urithi, isiguswe hata kamba." Wakashikana mpaka chipsi zikapoa. Mi nikasema wote wawili mmekosea. Wakanigeukia mimi: "We chalii wa Kimandolu, maji makubwa uliyowahi kuyaona ni Duluti, unajua nini?"

Haya, najibu. Na mjue mama yangu ni wa Pangani, na mjomba wangu ana ngalawa mpaka leo. Siongei hewani.

Kwanza tuelewane. Haidrofoili ni bawa kama la ndege, ila linakaa chini ya maji. Maji ni mazito kuliko hewa mara 800 hivi, kwa hiyo kibawa kidogo tu kinatosha kunyanyua boti. Ukiongeza mwendo mara mbili, nguvu ya kunyanyua inaongezeka mara nne. Boti likishatoka majini haliburuzi tumbo tena, ndo maana linakimbia hivyo. Wala si jambo la jana: mwaka 1919 huko Kanada chombo cha Alexander Graham Bell kilichoitwa HD-4 kilifika kilomita 114 kwa saa kwa mabawa hayohayo, ingawa kile kilikuwa cha injini.

Sasa hiyo Moth ilianza Australia mwishoni mwa miaka ya 1920, na kanuni zake ni chache. Unaambiwa urefu usizidi kiasi fulani, tanga lisizidi kiasi fulani, mengine ni akili yako. Ndiyo maana ya daraja la maendeleo, kila fundi anaruhusiwa kuchonga anavyoona. Mwaka 2001 mabawa yakaonekana kwenye mashindano yao ya dunia, mwaka 2005 Rohan Veal akachukua ubingwa akiwa anapaa. Baada ya hapo, asiye na mabawa hana lake mbele. Waliokuwa na boti za zamani walilia, na walikuwa na haki ya kulia. Lakini nauliza, daraja linalojiita la maendeleo lingekataa vipi maendeleo yalipobisha hodi? Lingekataa, lingepaswa kubadili jina.

Ngalawa je? Hapa ndo namgeukia dada yangu wa utalii. Dada, nakuheshimu, ila ngalawa ni daraja la maendeleo kuliko hata hiyo Moth. Nionyeshe ngalawa mbili zinazofanana. Kila moja imetoka kwenye gogo lake la mwembe, na fundi kaamua mwenyewe wapi apunguze, wapi aache. Halafu wataalamu wengi wanaamini ule mtindo wa kuweka mbao za pembeni ulivuka Bahari ya Hindi na watu wa Asia ya Kusini-Mashariki, ndugu wa wale waliokaa Madagaska. Kwa hiyo huo urithi unaotaka usiguswe ulikuwa kitu kigeni siku moja. Kuna mzee wa pwani aliutazama, akasema hiki kinafaa, akakichukua na kukigeuza kiwe chake. Kamba za nailoni nazo zilipokuja hakuna aliyezikataa.

Na subiri, bado. Siku ukifika pwani, chuchumaa uyaangalie matengo, zile mbao mbili za pembeni. Hazikulazwa bapa. Zimeinamishwa kwa mshazari, ili ngalawa ikikimbia na ule upande wa chini ukaingia majini, maji yausukume juu. Hiyo ni nini kama si bawa? Wazee wetu walikuwa wanakaa juu ya wazo la haidrofoili kabla huyo Rohan Veal hajazaliwa. Kwa hiyo ukisema mabawa ni uharibifu wa ngalawa, unamtukana fundi aliyeichonga.

Haya, mhandisi wangu, usishangilie, zamu yako. Hayo mabawa ya kununua unayafunga wapi? Pwani yetu maji ya bamvua hupanda na kushuka karibu mita 4. Ngalawa inatoka ufukweni, inapita juu ya matumbawe, inarudi kukaa mchangani. Fito ya mita moja chini ya tumbo itavunjika siku ya kwanza, saa ya kwanza. Halafu uzito! Ganda la Moth mtu mmoja analibeba. Gogo la mwembe linasukumwa na wanaume kadhaa, tena kwa wimbo. Ili linyanyuke linahitaji mabawa makubwa mno au mwendo ambao tanga lake halina. Na ukishaleta mabawa ya kaboni kutoka nje, mashindano yanakuwa ya nani ana ndugu Ulaya. Mvuvi wa Nungwi atabaki ufukweni kupiga makofi.

Sasa mtaniuliza, msimamo wako ni upi? Huu hapa. Mabawa yaruhusiwe, kwa masharti matatu. Moja, kila kinachogusa maji kiwe cha mbao na kitengenezwe pwani na fundi wa pwani. Mbili, kisishuke chini ya tumbo la ngalawa zaidi ya shibiri moja. Tatu, ngalawa iliyoshinda ilale ufukweni siku nzima, kila mtu aje aipime na aige. Huenda isipae kabisa. Huenda ikanyanyuka nusu tu, ikapunguza kuburuza. Inatosha, tutakuwa tumesogea wenyewe.

Mnasema kanuni haziwezi kuzuia pesa? Sisi wa Arusha tumeshaliona hili kwenye viatu. Amka alfajiri ukae barabarani uwaone wakimbiaji wetu. Oktoba 2019 Kipchoge alikimbia marathoni kwa 1:59:40 huko Vienna, dunia ikapiga kelele kwamba viatu vimeua riadha. Januari 2020 shirikisho la riadha la dunia halikuvifuta. Lilisema soli ya kiatu cha barabarani isizidi milimita 40, bamba gumu liwe moja tu, na kiatu kiwe kinauzwa madukani. Bei bado ni kilio, sikatai, ndiyo maana sharti langu la kwanza ni mbao. Lakini je, mbio zilikufa? Septemba 2025 kule Tokyo, Alphonce Simbu wetu na Mjerumani Amanal Petros walimaliza kwa muda uleule, 2:09:48, ikabidi picha iamue, na dhahabu ikaja Tanzania. Kanuni ikiwa wazi, mwisho wa siku bado ni kifua cha mtu na kifua cha mtu.

Kinachoniuma si mwendo. Mjomba wangu anachonga, mwanawe anaendesha bodaboda. Nilimuuliza yule binamu kwa nini hajifunzi kazi ya baba yake. Akanijibu, "Nijifunze nini? Kila kitu kimeshaamuliwa, nakili tu." Mkiifungia ngalawa kwenye kioo kwa ajili ya picha za wageni, mtampoteza. Mkimletea bawa la kununua, mtampoteza vilevile, maana hatakuwa na cha kuchonga. Mpeni swali ambalo halijajibiwa, mpeni na shoka, muone kama bodaboda haitalala nje.

Nimemaliza. Mhandisi na dada wa utalii, najua mnasoma, njooni na hoja Alhamisi palepale. Chipsi safari hii mnalipa nyie.