Staa wa Mamtoni Unayecheka Seva ya Mwenzako: Hilo Boksi Unaloringia Hata Si Lako!

Wadau wangu, leo sina umbea wa nani kaachana na nani. Leo nina povu, na linamwendea staa mmoja wa Kibongo anayeishi Marekani. Jina tunalo ila tunalihifadhi, maana tunagombana na maneno yake, hatugombani na ukoo wake.

Huyu staa, ambaye mtandaoni kazi yake ni kutuonesha kapeti, friji na maisha matamu ya mamtoni, karusha klipu akimcheka Mtanzania mwenzake. Kosa la jamaa? Sebuleni ana kompyuta ya zamani imeunganishwa na boksi la kebo, na mbele ya boksi kabandika kijitaa kwa selotepu. Basi staa kaivuta kamera mpaka kwenye selotepu, kacheka mpaka machozi, akasema huo ni ushamba uliovuka bahari. Akafunga kwa kumwita jamaa mwizi kwa sababu anarekodi vipindi. Komenti zikajaa vicheko.

Jamani, tucheke lakini tujue tunachocheka.

Kile kijitaa siyo pambo. Kule majuu kampuni ya kebo inakupa boksi lake, na boksi linasikiliza rimoti tu. Sasa jamaa anapiga zamu ya usiku, kama wanavyopiga ndugu zetu wengi kule kwenye nyumba za wazee na kwenye maghala. Mechi anayoitaka inachezwa yeye akiwa kazini. Afanyeje? Anaweka kompyuta moja ndani iwe seva ya kurekodi, na hiyo seva inajifanya mkono wa mtu. Saa ikifika, kijitaa kinatoa mwanga usioonekana kwa macho, mwanga uleule unaotoka kwenye rimoti yako, kinapiga 7, kinapiga 2, kinapiga 4. Boksi linahama chaneli, picha inaingia kwenye kompyuta, inahifadhiwa kwenye diski. Jamaa akirudi asubuhi anakunywa chai na mechi yake.

Huo ndio ushamba? Mtu kamfundisha mashine kubonyeza rimoti, wewe unayecheka hata saa ya maikrowevu imekushinda kuiweka sawa!

Na jamaa hakubuni peke yake. Mwaka 2002 Mmarekani anaitwa Isaac Richards alianzisha programu ya bure ya MythTV, kwa sababu alichoshwa na boksi la kebo alilopewa: zito kuhama chaneli na limejaa matangazo. Watu duniani kote wakaongezea ujuzi wao, na wengi wao hawakulipwa hata senti. Wewe unaona selotepu, mimi naona watu waliokataa kuambiwa kaa hapo usubiri.

Ni kweli mtambo una usumbufu, sitawadanganya. Ukituma namba haraka mno, boksi linameza tarakimu moja, unaamka unakuta umerekodi saa 2 za mtu anauza masufuria. Boksi likiwa limelala, unarekodi giza. Ukiwa na maboksi mawili karibu karibu, yote yanausikia mwanga mmoja, yanahama pamoja kama kondoo, mpaka uyazibe kwa karatasi. Tena boksi moja linafungua chaneli moja tu kwa wakati, ukitaka kurekodi mbili unalipia boksi la pili.

Lakini jiulize, kwa nini mtu ahangaike hivyo? Kwa sababu mlango wa kawaida kafungiwa. Selotepu ile ni ushahidi dhidi ya kampuni. Jamaa hana cha kuona aibu hapo.

Tuje kwenye neno zito, mwizi. Staa, hili neno umelichezea. Tarehe 17 Januari 1984 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya Sony na Universal kuhusu mashine za Betamax. Majaji 5 dhidi ya 4 wakasema kurekodi kipindi cha TV nyumbani kwako ili ukiangalie baadaye ni matumizi halali. Miaka 2 kabla yake, bosi wa chama cha studio za filamu, Jack Valenti, alienda mbele ya Bunge la kule akaifananisha mashine ya kurekodi na muuaji anayenyonga wanawake majumbani. Unajua kilichotokea? Hazikupita hata karne, studio zilezile zikawa zinaingiza pesa nyingi kwenye kanda za video kuliko kwenye kumbi za sinema. Waliolia kuwa wananyongwa walinenepa.

Utasema kesi ile ilikuwa ya TV za bure, siyo kebo. Haya, twende na hoja yako. Kampuni za kebo zenyewe zinakodisha boksi la kurekodi, kwa ada juu ya ada. Kipindi kilekile, sebule ileile, mtazamaji yuleyule. Ukirekodi kwenye diski yao unayoilipia kila mwezi, wewe ni mteja mzuri. Ukirekodi kwenye diski yako uliyoinunua mara moja, umekuwa mwizi? Huo wizi unapimwa kwa nini, kwa rangi ya boksi? Na ukiacha kulipa, unalirudisha boksi na kumbukumbu zako zote ndani yake. Mechi ya fainali, kipindi alichopenda marehemu baba, vyote vinarudi dukani kwao.

Sisemi kila anayerekodi ni malaika. Anayerekodi halafu akaenda kuonesha kwenye kibanda umiza kwa kiingilio, au akairusha mtandaoni kwa bando za watu, huyo kafungua biashara kwa jasho la mwenzake. Hapo hatubishani. Ila jamaa wa klipu analipa bili yake, anaangalia na familia yake, basi. Kuwaweka kapu moja ni uonevu.

Sasa nikuoneshe kitu ambacho hukuonesha kwenye klipu yako, mheshimiwa. Hilo boksi lako jipya linalong'aa ni la kukodi. Mwaka 2015 maseneta wawili wa Marekani, Markey na Blumenthal, waliziuliza kampuni za TV ya kulipia, wakakuta wateja 99 kati ya 100 wanakodi boksi, na kaya ya kawaida inalipa dola 231 kwa mwaka kwa kukodi tu. Chaneli bado hujalipia hapo. Piga hesabu ya miaka 10: dola 2,310, na mwisho wa safari boksi si lako. Umepanga nyumba, umepanga na boksi, halafu unamcheka mwenye chake!

Na msidhani sheria haikuwepo. Mwaka 1968 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, FCC, iliamua kwenye kesi ya Carterfone kwamba mteja anaweza kuunganisha kifaa chake kwenye laini ya simu, ilimradi hakiharibu mtandao. Mlango ule ulipofunguka, vifaa vya watu wengine vikaingia sokoni. Mwaka 1996 Bunge likataka iwe hivyohivyo kwenye TV: watu waweze kununua boksi dukani kwa yeyote. Kuanzia Aprili 2004, mteja mwenye boksi la picha angavu alikuwa na haki ya kuomba lenye tundu la FireWire linalofanya kazi. Kwa waya huo seva ilihamisha chaneli bila kijitaa na ikapokea picha safi. Raha, siyo?

Raha gani! Kampuni zikaweka alama kwenye chaneli. Yenye alama ya kutonakiliwa, waya unabaki pambo, kompyuta yako haipati kitu. Ikaja kadi ya kuchomeka kwenye kifaa chako mwenyewe, CableCARD, na Julai 2007 kampuni zikalazimishwa kuitumia hata kwenye maboksi yao. Wabunge wakaja kulifuta hilo sharti. Mwaka 2016 mkuu wa FCC, Tom Wheeler, akapendekeza maboksi yafunguliwe kabisa. Kampuni na studio zikapiga kelele, kura iliyopangwa Septemba ikaahirishwa, na mwaka uliofuata utawala mpya ukaizika hoja. Mwaka 2020 kanuni za CableCARD nazo zikafutwa. Miaka 24 ya ahadi, na mtu bado anabandika kijitaa kwa selotepu.

Najua kuna mtu anaandika sasa hivi, "Admin, acha uzee, watu wako kwenye programu za kutazama mtandaoni." Sawa mwanangu. Lakini huko umepewa ufunguo wako? Tamthilia uliyokuwa unaiangalia inaondolewa usiku mmoja, huulizwi. Bei inapanda, huulizwi. Boksi limehama tu, limeingia kwenye simu yako.

Na msione hii ni ya Marekani tu, wana. Hapa Bongo tangu mitambo ya analojia ianze kuzimwa, Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, tumeishi na ving'amuzi. Ni wangapi mna ving'amuzi viwili chini ya TV moja, kila kimoja na rimoti yake, na mtoto ndiye pekee anayejua ipi ni ya kipi? Kifurushi kikiisha katikati ya mechi, picha inakatika na wewe na wageni wako mnabaki mnatazamana. Umekinunua king'amuzi kwa hela yako, umepanda juu ya bati kufunga dishi, ukihamia kampuni nyingine kinageuka kuwa kitu cha kuwekea maua. Wengi wetu tumezoea hivyo, wala hatuulizi. Ndiyo maana klipu ile ilitufanya tucheke badala ya kuuliza.

Staa, una wafuasi wengi na sauti yako inafika mbali. Kijana aliyekuwa anajifunza kuunganisha waya chumbani kwake Mbagala au Mbezi kaiona klipu yako, na somo alilolipata ni kwamba kutengeneza kitu chako mwenyewe ni aibu, na kununua cha kukodi ndiyo heshima. Hilo ndilo linaloniuma. Selotepu itabanduka, ila kijana akishaaibishwa anaweza asishike tena bisibisi.

Kwa hiyo futa hilo neno mwizi. Mwombe radhi jamaa, hadharani kama ulivyomcheka hadharani. Na siku ukitaka kutuonesha tena maisha ya mamtoni, anza na bili ya kebo, mstari kwa mstari, tuone nani anaibiwa.

Wadau, uwanja ni wenu. Ulicholipia ni chako au umekodishiwa macho tu? Na wewe king'amuzi cha zamani nyumbani kwenu mmekifanyia nini? Dondosheni komenti hapo chini, matusi hapana, povu ruksa.