UKURASA WA SHULE
Jumatano walimu wanafanya nini?

  

Mwezi huu najibu swali moja tu. Nimeulizwa njiani, nimeulizwa sokoni Kinama, na mama mmoja jirani yangu aliniuliza akiwa amejitwika ndoo ya maji kichwani: "Mwalimu, niambie ukweli. Tunalipa minervali, tunatafuta yunifomu na makayee, halafu kila Jumatano watoto wanarudi saa tano asubuhi. Walimu wanabaki chini ya mwembe wanapiga stori. Hiyo ndiyo kazi?"

Mama, swali lako ni la haki. Anayelipa ana haki ya kuuliza. Ila si stori wanazopiga, au tuseme si stori tupu. Hebu nikueleze kinachofanyika pale.

Mwalimu wetu wa kemia alikuwa na somo la asidi na besi. Kitabu kinasema utumie karatasi ya litimasi. Karatasi hiyo hatuna, maabara hatuna, kabati lenyewe la sayansi lina mizani mbovu na chupa mbili zisizo na jina. Basi akachuma yale maua mekundu ya uani, hibiskusi, akayamwagia maji ya moto, akapata maji yenye rangi. Akayagawa katika glasi tatu. Ya kwanza akaiacha hivyo hivyo. Ya pili akaikamulia limau, ikawa nyekundu inayowaka. Ya tatu akaitia maji ya majivu yaliyochujwa, yale ambayo bibi zetu waliyatumia kulainisha maharage, ikageuka kijani. Darasa lote likasimama kuangalia. Mtoto mmoja aliyefika kutoka Kivu mwaka jana, ambaye mpaka siku hiyo hatukumjua sauti, ndiye aliyeuliza: je, sabuni itatoa rangi gani?

Hapo ndipo kazi ya Jumatano inapoanza. Zamani somo kama hilo lingebaki ndani ya darasa lile moja. Mwalimu wa darasa la pili yake angeendelea kuandika ubaoni "asidi ni nini", watoto wakanakili, basi. Sasa huyu wa kemia alilisimulia kwa wenzake, wakampigia makofi, na juma lililofuata mwalimu wa baiolojia akalijaribu kwenye darasa lake. Halikufanya kazi. Maji yake yalikuwa hafifu kama chai ya mgonjwa, na maji ya majivu hayakubadilisha kitu. Watoto wakacheka.

Jumatano iliyofuata wakakaa tena, safari hii na maua, limau na majivu juu ya meza, si kwa maneno. Kumbe yule wa kwanza alitumia maua kibao kwa maji kidogo tu, na majivu yake aliyaloweka usiku mzima. Hakuyasema mambo hayo kwa sababu kwake yalikuwa ya kawaida, hakudhani ni habari. Jambo jingine lililotokea mezani: maji ya majivu yanauma macho na yanachubua mikono, kwa hiyo mwalimu ndiye anayeyamimina, si mtoto. Hilo nalo halikuwa limesemwa.

Mnaona sasa kwa nini inachukua saa nzima? Ufundi wa kufundisha ni kama mapishi. Ukiniambia tu "tia chumvi", sijajua kiasi gani wala saa ngapi. Lazima nisimame jikoni kwako.

Kuna sababu nyingine ya kwetu hapa Burundi. Tangu mageuzi ya mwaka 2013, elimu ya msingi ni ya miaka 9, na mwalimu wa darasa la saba hadi la tisa hapewi somo moja tena, anapewa fungu zima. Aliyesomea baiolojia akajikuta ana fizikia na kemia pia. Huyu asipomwegemea mwenzake, atawaegemea watoto wenu, yaani atawanakilisha kitabu mpaka mwaka uishe.

Si sisi tuliovumbua vikao hivi. Wajapani wanavyo kwa zaidi ya miaka mia moja. Walimu wanatayarisha somo pamoja, mmoja anafundisha, wenzake wanasimama pembeni wakitazama, halafu wanalitengeneza upya. Mwaka 1998 Kenya, kwa msaada wa Japani, ilianza mradi wa SMASSE kwa walimu wa hisabati na sayansi wa sekondari, kwanza katika wilaya 9, baadaye nchi nzima. Msisitizo wake ulikuwa mwanafunzi afanye kwa mikono yake, na kifaa kisichopatikana kitengenezwe kwa vitu vya karibu. Tanzania siku hizi wanasema "Jumuiya za Ujifunzaji", kila shule na yake. Hata kambini Kakuma, kuanzia mwaka 2016, walimu wakimbizi walipewa mafunzo, wakapata wenzao wa kuwatembelea darasani, na wakawa wanaulizana maswali kwa WhatsApp. Na wale mliofundisha Kongo mnalikumbuka somo la mfano, mwenzenu akisimama ubaoni na nyinyi mkikaa nyuma na makayee.

Lakini lile somo la mfano la zamani lilikuwa na ugonjwa wake, nauona bado. Wote walikuwa wanamtazama mwalimu: ameandika tarehe? Amefuta ubao vizuri? Tai yake imenyooka? Ikawa kama mtihani mbele ya inspekta. Nani atataka kuonyesha udhaifu wake hapo? Sisi tulikubaliana kitu kingine. Ukiingia kwenye darasa la mwenzako, unatazama watoto. Unachagua wawili au watatu, unaandika walichofanya: huyu alinyanyua mkono akashusha, huyu alinakili bila kusoma, huyu alimwuliza jirani yake kwa Kiswahili akaelewa. Mwishoni unamwambia mwenzako ulichoona, si unachodhani juu yake. Hofu ikapungua sana. Wale waliokuwa wakisema "umekuja kunipeleleza" sasa wanaita wenyewe.

Kutoka kwenye kutazama watoto ndipo lilipotokea jambo dogo ambalo mimi nalipenda kuliko yote. Mmoja wetu aliona kwamba tukiuliza swali, tunawapa nafasi wale wale wanne wa mbele, papo hapo. Wengine hawajamaliza hata kulitafsiri swali kichwani kutoka Kifaransa. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alilipima jambo hili miaka ya 1970. Aliona walimu wanangoja kama sekunde moja tu baada ya kuuliza. Wakingoja sekunde tatu au zaidi, majibu yanakuwa marefu, na watoto waliozoea kunyamaza wanaanza kusema. Basi sasa tunahesabu kimoyomoyo: moja, mbili, tatu, nne. Ni vigumu, niamini, kimya kinamwasha mwalimu kama upupu. Lakini ni dawa isiyonunuliwa. Na wewe mzazi unaweza kuitumia jioni nyumbani.

Kifaransa chenyewe ndicho ukuta mkubwa kwa watoto wetu. Kambini wengi wamesoma programu ya Kongo, na wakija mjini wanaingia shule za Burundi ambako Kifaransa kinaendelea lakini Kirundi kinaongezeka. Mtoto aliyekuwa wa tatu darasani Uvira anashuka chini kabisa Carama, si kwa sababu amekuwa mjinga. Mwalimu wetu wa Kirundi alileta mbinu yake Jumatano moja. Anaanza na maneno ndugu: umuntu na mtu, abantu na watu, amazi na maji, inyama na nyama. Mtoto anagundua kumbe nusu ya mlango uko wazi. Halafu anawaonya juu ya maneno wadanganyifu. Igiti si kiti, ni mti! Ukiambiwa ukae, tafuta intebe. Na ejo ni jana na pia ni kesho, sentensi ndiyo itakayokuambia. Watoto wanacheka, wanaandika orodha zao wenyewe, kila juma wanaongeza. Mwalimu wa historia aliiona orodha ile akaichukua kwa Kifaransa. Kona moja ya ubao ni ya maneno magumu ya siku hiyo, na kabla ya kuandika jibu watoto wanaruhusiwa kulijadili wawili wawili kwa lugha yoyote wanayoijua. Jibu linaandikwa kwa Kifaransa, lakini fikra inatangulia kwa Kiswahili au Kirundi. Wapo walimu waliopinga, wakasema tunaharibu Kifaransa. Wanasema bado. Mimi nawaambia waje wasome makayee.

Nisifiche kwamba si kila Jumatano ni nzuri. Kuna siku kikao kizima kinaliwa na habari za minervali, yunifomu na nani amechelewa. Hayo ni ya utawala, yatafutiwe siku yake. Tena kuna jambo zito zaidi, linasemwa kwa sauti ya chini mjini kote: baadhi ya walimu wanaweka maelezo yao mazuri kwa ajili ya masomo ya ziada ya kulipia jioni. Asubuhi mtoto anapata maganda, jioni anauziwa ndizi. Mshahara wa mwalimu ni mdogo, nani asiyejua? Nami sitamlaumu mtu anayetafuta chakula cha watoto wake. Lakini nani kati yetu wakimbizi anaweza kulipa mara mbili? Kikao kinapunguza ugonjwa huu, maana maelezo mazuri yakishajulikana kwa walimu wote, hayauziki tena.

Na kwetu sisi kuna hasara nyingine ambayo wenyeji hawaijui sana. Mwalimu mkimbizi ni mtu wa njiani. Leo yuko, kesho jina lake limetoka, anapanda ndege kwenda ng'ambo. Mwingine anarudi Kongo, mwingine anahamishiwa kambi nyingine. Tunampa mkono, tunafurahi naye, tunaimba. Lakini akiondoka na miaka kumi na tano ya kufundisha hesabu kichwani mwake, anayekuja anaanza na sifuri, na watoto wanaanza na sifuri pamoja naye. Kwa hiyo tuna kayee moja kubwa ya shule, inakaa kabatini kwa direkta. Somo lililofaulu linaandikwa humo: vitu gani vilitumika, kiasi gani, watoto waliuliza nini, wapi palikwama. Ukurasa wa maua ya hibiskusi una maandishi ya watu watatu, na mmoja wao hayuko tena nchini. Somo lake linafundishwa bado.

Walimu wa kambini, hili mnaweza kulianza hata kesho bila kungoja semina. Walimu watatu, saa moja, kayee moja. Na wapo kati yetu mjini watu waliosoma ISP Bukavu na kufundisha miaka mingi, ambao leo wanauza ndagala na makaa kwa sababu hawajapata darasa hapa. Nawaomba waje Jumatano. Hatuna mshahara wa kuwapa, hilo niliseme wazi ili mtu asije na matumaini ya uongo. Lakini mzee mmoja wa hisabati alikuja mara mbili, akatuonyesha namna ya kufundisha namba hasi kwa hesabu ya madeni ya dukani: una deni la franka 500, umelipa 300, umebaki wapi? Darasa la saba wanaitumia mpaka leo.

Sasa mama, kuhusu mtoto kurudi saa tano. Mwulize swali moja: "Jana mwalimu alibadilisha nini?" Akikujibu kwamba hakuna kilichobadilika, Jumatano baada ya Jumatano, njoo utuulize sisi, tena kwa sauti. Mlango wa kikao uko wazi kwa wajumbe wa kamati ya wazazi, wawili kwa zamu, wanakaa nyuma na kusikiliza.

Mwezi huu tunaingia kwenye shinikizo la maji. Tutatoboa chupa matundu matatu, juu, katikati na chini, tuone maji ya tundu gani yanaruka kwa nguvu zaidi. Tunahitaji chupa tupu za plastiki za lita moja na nusu, zisizopasuka, pamoja na mishumaa na misumari ya kutobolea. Aliye nazo ampe mtoto Jumatatu asubuhi. Wa darasa la nane wapeleke kwa mwalimu wao wa sayansi, wengine waziache kwa direkta.