Gari ni yao, udongo ni wetu, kazi ni ya nani?

Wandugu wananchi, vijana wenzetu,

Tangu mwaka 2025 kuko neno moja linazunguka dunia nzima: gari ya inchi yetu. Prezida wa Marekani alitia ushuru wa 25% juu ya magari yenye kutoka inje, kuanzia tarehe 3 mwezi wa 4, na mwezi mmoja nyuma ya pale ushuru ukashika vipuri vingi pia, vile sisi tunaita piesi. Sababu ile alitoa ni kurudisha kazi ya viwanda kwao. Wengi kwetu walisikia hiyo habari kwa redio, wakasema: hayo ni mambo ya Wazungu, sisi inatuhusu nini?

Inatuhusu. Katika yale magari wanagombania, kuko kitu chetu ndani. Njo maana tunaandika.

Kwanza tuseme wazi: hakuna tena gari ya inchi moja. Wamarekani wenyewe wanajua. Tangu sheria yao ya mwaka 1992, gari mupya inabandikwa karatasi yenye kuonyesha ni asilimia ngapi ya piesi zake zimetoka Marekani na Kanada. Angalieni vizuri: hata sheria yao inahesabu inchi mbili kama moja, juu piesi zinavuka ule mupaka kila siku. Na mapatano kati ya Marekani, Meksiko na Kanada, yenye kuanza tarehe 1 mwezi wa 7 mwaka 2020, inasema gari ikitaka kuvuka bila ushuru, 75% ya bei yake lazima itoke ndani ya zile inchi tatu. Tena inasema hivi: kwa gari ndogo, 40% lazima itoke mahali mufanyakazi analipwa angalau dola 16 kwa saa moja. Kwa pikapu ni 45%.

Musome tena hiyo namba. Dola 16 kwa saa. Watu waliikaa mezani wakaandika mushahara wa mufanyakazi ndani ya mapatano ya biashara. Hawakuuliza tu "hii piesi imetoka wapi?" Waliuliza pia "ule aliyeitengeneza analipwa ngapi?" Ni swali lile wakubwa wetu hawaulizi wakienda kusaini.

Sasa tuje kwetu. Wanatuambia Kongo ni inchi ya suluhisho, juu dunia inaacha petroli na inaingia katika magari ya umeme. Ni kweli, zaidi ya 70% ya kobalti yenye kuchimbwa duniani inatoka hapa, Lualaba na Haut-Katanga. Shaba nayo, gari ya umeme inakula karibu mara tatu kupita gari ya petroli. Lakini inatoka kwa hali gani? Kobalti yetu inatoka kama poda ndani ya mifuko mikubwa. Makamio inapakia Kolwezi, inapita Likasi, inapita Lubumbashi, inalala foleni Kasumbalesa, inaingia Zambia, inatelemuka mupaka Dar es Salaam ao Durban. Kutoka pale ni meli. Zaidi ya 70% ya kobalti safi ya dunia inasafishiwa China. Kule njo poda inageuka chumvi ya batri, chumvi inageuka batri, batri inaingia mu gari, na gari inapewa jina la inchi fulani.

Kila hatua ya ile safari ni mushahara wa mutu. Kuko mutu wa kimia, kuko mutu wa umeme, kuko mwenye kupima, mwenye kushika hesabu, mwenye kufunga. Sisi tuko na diploma za hizo kazi zote. Tuko na graduat, tuko na licence, tuko na mémoire ya kurasa 80 juu ya elektrolizi. Na tunauza krediti ya simu kwa barabara ile ile makamio inapitia.

Tuseme tena kitu kimoja kile watu hawapendi kusema: kwa ile karatasi ya gari, Kolwezi haina mustari. Hatukuibiwa mustari. Sheria za biashara ya magari zinahesabu piesi, hazihesabu udongo. Mwenye kuuza udongo anasahauliwa siku ile kamio inavuka mupaka.

Halafu gari inarudi kwetu. Inarudi imezeeka, imetumika miaka kumi na zaidi kwa watu wengine, na mara mingi volani iko kuume wakati sisi tunatembelea kuume. Ikifika, inaanza kutafuta piesi: plaketi za freni, filtri, batri, amortisa. Zote zinatoka Dubai, Guangzhou, India, na zinalipa njiani kila kizuizi, kutoka bandari mupaka duane yetu. Wamotari wetu ni vilevile: pikipiki ni ya India ao ya China, cheni ni ya kule, hata bujia ni ya kule. Kwa kifupi, Mukongomani anakutana na gari mara mbili: wakati haijazaliwa, na wakati iko karibu kufa. Ile miaka ya katikati yenye kulipa, hatuko.

Hii haikuanza na kobalti. Mwaka 1888 Dunlop aliweka hewa ndani ya mupira wa baiskeli, na nyuma yake magari yakafuata. Dunia ikaanza kulia mupira. Wakati ule inchi hii ilikuwa shamba la Leopold II, na watu walikatwa mikono juu ya mupira wa porini. Ile mipira ilienda kutembea barabara za watu wengine. Basi Kongo iko ndani ya magurudumu ya dunia tangu mwanzo. Ni kwa meza ya hesabu njo hatujafika.

Wenzetu wengine wanasema: basi tufunge mupaka, tukatae vitu vya inje, tutengeneze vyetu. Tunaelewa hasira yao, lakini hatukubali. Ukifunga piesi za inje kesho asubuhi, mutu wa kwanza kulia si mwenye kampuni ya migodi. Ni motari mwenye kulipa versement kila jioni, ni mama mwenye kubebesha mihogo yake kutoka Kasenga. Piesi ya kutoka inje haiko adui. Marekani iko na piesi za inje, China iko nazo, Ujerumani iko nazo. Tofauti ni hii: wao wananunua piesi na wanauza piesi. Sisi tunanunua piesi na tunauza udongo.

Na musituambie kama Mukongomani hawezi. Wazee wetu wa Gécamines, kule Shituru na kule Luilu, walitoa kobalti ya metali kabisa, yenye kusafishwa hapa hapa. Leo, nyuma ya miaka makumi, sehemu kubwa inatoka kama poda ya nusu kazi. Tulirudi nyuma. Muende Goma muone chukudu: miti, misumari na kipande cha tairi ya zamani, na inabeba muzigo wa mamia ya kilo kutoka mulimani. Muende garaje yoyote ya Kenya hapa Lubumbashi, mutaona fundi anachonga bushi mwenyewe juu ya kukosa ile ya duka. Mikono iko. Kile kinakosa ni umeme, mashini, mukopo, na serikali yenye kusema: hii tununue hapa.

Serikali ilifanya kitu mwaka 2025, na haki ni kukisema. Mwezi wa 2 ilisimamisha kutosha kobalti inchini, juu bei ilikuwa imeanguka vibaya sana. Tangu tarehe 16 mwezi wa 10 ikaweka kiasi: tani 18.125 kwa miezi ile ilibaki, kisha tani 96.600 kwa mwaka 2026, na vilevile kwa 2027. Bei ilipanda zaidi ya mara mbili. Vizuri. Inchi ilionyesha iko na nguvu. Lakini kupandisha bei ya udongo ni kuuza udongo kwa bei nzuri tu. Bei ikipanda, kijana wa Manika ao wa Katuba hakupata kazi kwa sababu ya ile. Tena kuko hatari: batri za chuma na fosfati hazina kobalti hata kidogo, na leo zinakaribia nusu ya batri zote za magari ya umeme duniani. Kila mara kobalti inapanda bei bila sisi kutengeneza kitu nayo, wenye viwanda wanapata sababu moja zaidi ya kuiacha. Tuko na wakati, lakini haiko wakati murefu.

Njia nyingine inajulikana. Mwaka 2021, pale Kinshasa, uchunguzi wa BloombergNEF ulionyesha kama kiwanda cha kutengeneza malighafi ya batri, chenye kutoa tani 10.000 kwa mwaka, kinaweza kujengwa Kongo kwa dola milioni 39, karibu mara tatu rahisi kupita Marekani. Mwaka 2022 tulisaini na Zambia juu ya mambo ya batri, kisha sisi wawili tukasaini na Marekani. Mwaka ule ule kituo cha utafiti wa batri kikaanzishwa UNILU. Karatasi ziko. Sisi tunauliza kiwanda.

Kiwanda kinataka umeme. Inga I iliwaka mwaka 1972, Inga II mwaka 1982, na waya ya kilometri karibu 1.700 ikavutwa mupaka Kolwezi kwa ajili ya migodi, ikipita juu ya vijiji vyenye kukaa gizani. Mupaka leo, chini ya robo moja ya Wakongomani wako na umeme. Bila hiyo, tutasaini tena miaka ishirini.

Wanatupa mufano wa Indonesia. Kweli, tangu mwezi wa 1 mwaka 2020 walikataza nikeli mbichi kutoka, na viwanda vikaja. Lakini kampuni za China njo zinashika sehemu kubwa ya vile viwanda, na moshi wa makaa unabaki kwa wenyeji. Basi kuleta kiwanda haitoshi. Lazima kuandika ndani ya mukataba nani anafanya kazi, analipwa ngapi, na maji ya muto yanabaki namna gani.

Kwa hiyo tunaomba, na tutarudilia kuomba:

Moja. Ndani ya zile tani 96.600, kuko 9.600 zenye kuwekwa mukononi mwa leta kwa miradi ya inchi. Zipewe mwenye kusafisha na kutengeneza hapa, na majina yatangazwe mbele ya watu wote.

Mbili. Kila mukataba mupya wa migodi na wa batri uandike mushahara wa chini kabisa na hesabu ya Wakongomani wenye kufundishwa kazi ya ufundi wa juu. Kama Meksiko iliandikiwa, na sisi tuandikiwe.

Tatu. Sheria ya mwezi wa 2 mwaka 2017 juu ya kazi ndogo-ndogo za kampuni kubwa iliwekea Wakongomani hizo kazi. Ifuatwe kwa kweli. Makamio na mashini za migodi zinakula piesi kila siku. Zile rahisi, kama bushi, bomba, viti na bodi, zitengenezwe Likasi na Lubumbashi. Tumechoka na Mukongomani wa jina tu, mwenye kuagiza kila kitu inje na kutia tampo yake.

Ine. Duane ipunguze mizigo juu ya mashini za kuchonga chuma, na shule za ufundi zipate hizo mashini. Mwanafunzi wa mekanika asimalize masomo akichora tour kwa ubao bila kuigusa.

Tano. Kreseri, ule mwenye kuchimba kwa mukono, asifukuzwe kama mwizi kwa udongo wa babu yake. Apewe mahali pa kuchimba penye usalama na bei yenye kuandikwa.

Wandugu, siku nyingine mukisikia inchi fulani inapigania "gari yake", musicheke. Wanapigania kazi ya watoto wao. Hatuombi dunia iandike Kolwezi kwa karatasi ya gari juu ya huruma. Iandikwe siku ile kitu kitatoka hapa kikiwa piesi. Kwa sasa, muulize mubunge wenu, muulize gavana, muulize pale kazini na pale kanisani: katika ile miaka ya katikati ya maisha ya gari, Mukongomani iko wapi?

Vijana wenzenu wenye diploma na bila kazi,
Lubumbashi