Usisafirie Nyota ya Mwenzio: Mgonjwa wa Mikindani na Upasuaji wa Kupunguza Uzito Ughaibuni

Katika mazungumzo ya watu wa pwani, unene haukuwa na jina baya. Aliyerejea kutoka safarini akiwa amejaa mwili aliambiwa kuwa amenawiri. Aliyerejea amekonda ndiye aliyeulizwa kimemsibu nini. Leo maneno yamegeuka. Daktari hutaja unene pamoja na kisukari na presha, vijana wana majina yao ya kejeli kwa wenye miili mikubwa, na hata katika mtaa wa wafanyakazi kama Mikindani (hii ya Mombasa bara, katika eneo bunge la Jomvu lililomegwa kutoka Changamwe, wala si ile ya Mtwara) si ajabu kusikia kwamba fulani anachangiwa fedha aende India au Uturuki akapunguzwe tumbo. Jambo hili lastahili kupimwa kwa utulivu, bila kejeli na bila papara.

Kwanza, haki itendeke kwa wagonjwa wenyewe. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa nchini Kenya mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kuwa asilimia 27 ya watu wazima walikuwa na uzito uliopita kiasi au unene wa kupindukia. Miongoni mwa wanawake kiwango hicho kilikuwa asilimia 38.5, na miongoni mwa wanaume 17.5. Unene wa kiwango cha juu ni maradhi, na wanaodhani kwamba dawa yake ni kumwambia mgonjwa apunguze mahamri hawajapata kuishi ndani ya mwili huo. Upasuaji nao si ulaghai. Utafiti mkubwa ulioanza Sweden mwaka 1987, ambao matokeo yake kuhusu vifo yalichapishwa mwaka 2007, uliwafuatilia maelfu ya wagonjwa kwa zaidi ya miaka kumi na kuonyesha kwamba vifo vilipungua kwa takriban robo miongoni mwa waliopasuliwa wakilinganishwa na wenzao ambao hawakupasuliwa. Katika vituo vyenye uzoefu, wanaofariki kutokana na upasuaji wenyewe ni wachache mno, mmoja hivi katika kila elfu. Kwa hiyo anayetaka kumzuia mgonjwa kwa hoja kwamba kisu kinaua hana budi kutafuta hoja nyingine.

Hoja hiyo nyingine ipo, nayo imo katika neno "ughaibuni".

Safari ya matibabu kuelekea India si jambo geni Mombasa. Familia nyingi zina mtu aliyepelekwa Mumbai, Chennai au Delhi kwa maradhi ya moyo, figo au saratani, akarudi akiwa hai. Imani hiyo imejengwa kwa ushahidi wa macho. Fauka ya hayo, jamaa walioko Muscat na Dubai huleta habari za wenzao huko waliokatwa tumbo wakapungua nusu ya uzito wao. Kisha huja wakala na kifurushi chake: tikiti, hoteli, gari la kumpokea mgonjwa uwanja wa ndege, siku tatu au nne hospitalini, na picha mbili za mtu mmoja, ya kabla na ya baada. Wahenga walikwisha kutahadharisha kwamba mtu asisafirie nyota ya mwenzio. Methali hii ni ya mabaharia, na hapa yafaa ichukuliwe kwa maana yake ya asili. Nyota iliyomfikisha mwenzio bandarini ilimwongoza yeye, kwa chombo chake na kwa pepo za msimu wake. Aliyepona huko ana moyo wake, sukari yake, umri wake, na pengine binamu yake aliye daktari. Picha mbili hazionyeshi hata kimoja kati ya hivyo.

Kosa la msingi ni kulinganisha upasuaji huu na safari za kale za kutafuta tiba iliyokosekana nyumbani. Aliyekwenda India kuzibwa tundu la moyo alifuata ujuzi ambao kwa miaka mingi ulikuwa haba hapa, na aghalabu alikwenda na barua ya rufaa, yaani kulikuwa na daktari wa nyumbani aliyejua amekwenda wapi na atarudi na nini. Anayekwenda kupunguzwa tumbo mara nyingi hujipeleka mwenyewe. Hana rufaa, na kwa hiyo hana wa kumpokea.

Yafaa kueleza kinachofanyika. Katika upasuaji unaotumika zaidi siku hizi, daktari huondoa kiasi cha robo tatu au zaidi ya tumbo la chakula na kubakiza mfereji mwembamba uliofungwa kwa safu ndefu ya vibanio vidogo vya chuma. Kilichoondolewa hakirudishwi. Katika aina nyingine, kifuko kidogo cha juu ya tumbo huunganishwa moja kwa moja na utumbo mwembamba ili chakula kipite njia ya mkato. Hatari inayoogopwa ni safu hiyo ya vibanio au maungio hayo kuvuja. Mvujo haumpati kila mtu, ni wachache kati ya mia, lakini hauna adabu ya kusubiri wala ya kuwahi: waweza kutokea siku ya pili na waweza kutokea wiki ya tatu. Dalili zake ni homa, moyo kwenda mbio, maumivu ya tumbo au ya bega, dalili ambazo katika zahanati ya mtaani zaweza kudhaniwa kuwa malaria au vidonda vya tumbo. Hapa ndipo hesabu ya kifurushi inapogonga mwamba. Kifurushi huchukua takriban wiki moja, ilhali hatari huchukua mwezi. Mgonjwa atakuwa amekwisha kurudi Mikindani mshono unapoachia, na daktari wa zamu atakayempokea saa nane usiku hajui tumbo lilikatwa vipi, vibanio viliwekwa wapi, wala kama kulitokea tatizo lolote mezani.

Safari yenyewe nayo ina sumu yake. Upasuaji wowote mkubwa huongeza uwezekano wa damu kuganda katika mishipa ya miguu, na unene huuongeza zaidi. Kukaa kitini kwa saa nyingi bila kunyoosha miguu huuongeza tena. Bonge la damu likisafiri kutoka mguuni hadi mapafuni, mtu aweza kufa kabla hajajua anaumwa nini. Hakuna ndege itokayo Istanbul au Mumbai inayofika Mombasa kwa mwendo mfupi.

Hata hivyo, anayenusurika mwezi wa kwanza ndiyo kwanza anaanza. Mwili uliopunguziwa tumbo hauwezi tena kufyonza kila unachohitaji, hivyo mgonjwa huhitaji vidonge vya madini na vitamini, hususan chuma, kalisi na vitamini B12, na vipimo vya damu kila baada ya muda, maisha yake yote. Akitapika kwa wiki kadhaa na kukosa vitamini B1, ubongo na neva zaweza kuathirika. Mwenye kisukari hulazimika kupunguziwa dawa mapema, wakati mwingine siku zile zile za mwanzo, kwa sababu dozi iliyomfaa jana yaweza kumwangusha leo. Mwanamke hushauriwa asishike mimba kwa mwaka mmoja au mmoja na nusu. Tena kuna Ramadhani. Mtu ambaye tumbo lake halipokei zaidi ya mafunda machache kwa wakati mmoja atafungaje katika joto la Mombasa, na saa za usiku zitamtosha kunywa maji anayoyahitaji? Maswali haya yana majibu, na madaktari wenye uzoefu na wagonjwa Waislamu huyatoa. Lakini hujibiwa na daktari anayemjua mgonjwa, anayemwona tena Shaabani na tena Shawali. Daktari wa kifurushi humwona mara moja.

Yaliyowapata wengine yana funzo, mradi yasitumiwe kutishia. Mwezi Februari 2017 mwanamke mmoja wa Alexandria nchini Misri, aliyekadiriwa kuwa na uzito wa kilo 500, alisafirishwa kwa ndege ya mizigo hadi Mumbai akapasuliwa mwezi uliofuata. Uzito ulipungua kweli. Lakini jamaa yake na madaktari walihitilafiana hadharani kuhusu hali yake, akahamishiwa Abu Dhabi mwezi Mei, na huko akafariki Septemba mwaka huo huo. Hali yake ilikuwa ya kipekee, na si haki kuifanya mizani ya wagonjwa wote. Kinachobaki ni picha ya mgonjwa mmoja katika mikono ya nchi tatu kwa muda wa miezi minane. Mapema mwaka 2023 makumi ya watu, wakiwemo wakazi wa nchi za Ulaya, walipatwa na sumu ya botulini baada ya kudungwa sindano za kupunguza uzito tumboni nchini Uturuki. Hao hawakupasuliwa hata kidogo, bali waliuziwa njia nyepesi. Baadhi yao walirudi makwao, na madaktari wa Ujerumani na kwingineko ndio waliokabiliana na misuli iliyolegea na pumzi zilizokatika.

Wala ukaribu si kinga kwa wenyewe. Oktoba 2024 mwanamke mmoja alifariki Nairobi baada ya kunyonywa mafuta katika kliniki ya urembo, na kliniki hiyo ikafungwa na baraza la madaktari. Tofauti ni kwamba palikuwa na baraza la kufunga, na familia ilikuwa na mlango wa kubisha. Baraza hilo halina mamlaka juu ya daktari wa Izmir.

Jambo moja aghalabu hupitwa katika mijadala hii, nalo lawahusu zaidi wasomi wa Kiswahili: lugha ya ridhaa. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inamtaka mtoa huduma, inapowezekana, amweleze mgonjwa hali yake, tiba zilizopo, hatari na gharama zake, kwa lugha anayoielewa na kwa namna inayozingatia kiwango chake cha elimu. Kwa mkazi wa Mikindani lugha hiyo mara nyingi ni Kiswahili, lugha ya taifa na lugha rasmi kwa mujibu wa Katiba ya 2010. Sheria hiyo hukomea mpakani. Huko aendako mgonjwa atapewa fomu ya kurasa kadhaa kwa Kiingereza, na mkalimani, kama yupo, huenda akawa ni yule yule wakala anayelipwa kwa kila kichwa anachokipeleka. Mkalimani ambaye ujira wake unategemea saini hawezi kuaminiwa na neno "mvujo". Atalitafsiri kuwa "tatizo dogo". Mgonjwa atasema ndiyo, na kisheria atakuwa ameridhia.

Watetezi wa safari hizi hutoa hoja nzito ya bei, na haifai kupuuzwa. Upasuaji huu hufanyika Nairobi, ikiwemo katika Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, lakini katika hospitali za kibinafsi gharama yake huwashinda wengi, na mtu anayeumia magoti kila apandapo ngazi hawezi kulaumiwa kwa kutafuta bei nafuu. Ila bei ya kifurushi ni bei ya safari iliyokwenda salama. Haina ndani yake tikiti ya pili, chumba cha wagonjwa mahututi, wala vidonge vya miaka thelathini. Mchango wa mtaa hufanywa mara moja, na watu hawachangi kwa moyo ule ule mara ya pili.

Kwa mizani hiyo, mgonjwa wa Mikindani ana sababu ya kwanza kutazama upande wa Miritini kabla ya kutazama uwanja wa ndege. Kituo cha reli kipo jirani, na tangu mwaka 2017 treni humfikisha Nairobi kwa saa tano au sita. Anaweza kwenda, kurudi, na kwenda tena likitokea la kutokea. Asiyetaka kisu anaweza kumuuliza daktari kuhusu dawa mpya za sindano, au kuhusu puto linaloingizwa tumboni kwa njia ya mdomo na kukaa kwa miezi kadhaa, huduma ambayo Mloganzila, Dar es Salaam, imekuwa ikiitoa katika miaka ya karibuni. Huko nako ni nje ya nchi, ila mgonjwa huelezwa kila kitu kwa Kiswahili.

Na atakayeshikilia kwenda mbali, basi asiende kabla hajapata daktari wa hapa aliyekubali kwa maandishi kumpokea akirudi, na kabla hajahakikishiwa kwamba ripoti kamili ya upasuaji, si risiti tu, itakuwa mkononi mwake siku ya kutoka hospitalini. Akae huko hadi daktari aliyempasua aseme anaweza kupanda ndege, hata kama kifurushi kimekwisha. Wakala anayekasirishwa na masharti haya amekwisha kujibu swali.

Vyama vya Kiswahili vyuoni vina sehemu yao. Fomu ya ridhaa ya upasuaji huu inaweza kutafsiriwa kwa muhula mmoja na wanafunzi wa tafsiri wakishirikiana na wenzao wa udaktari, kisha ikawekwa katika zahanati za Jomvu na Changamwe ili mgonjwa aisome nyumbani, mbele ya mumewe au mamake, wiki kadhaa kabla ya kuwekewa ile ya Kiingereza mbele yake akiwa amekwisha kuvaa gauni la hospitali.