NUKTA NYEKUNDU HAILISHI WATOTO

Ndugu walinzi na wafanyi kazi wote wa Mumias,

Siku hizi pale Shibale, zamu ya usiku ikibadilishana na ya mchana, mazungumzo ni moja tu: bastola yenye kioo cha kulengea cha nukta nyekundu. Mmoja asema nukta ndogo, ya 2 au ya 3, ndiyo ya fundi. Mwingine asema la, kubwa ya 6 ndiyo ya mwanamume. Wamefika hata kununiana. Na wote wawili wameshika rungu na tochi!

Haya, tuyapime maneno yao. Nambari hizo ni dakika, yaani sehemu ya 60 ya digrii moja. Dakika 1 hufunika kadiri ya sentimita 3 shabaha ikiwa mita 100. Basi kwa mita 25, nukta ya 3 hufunika sentimita 2 na kidogo, na ya 6 hufunika 4 na kidogo. Ndogo yafaa shabaha ya mbali, kwa kuwa haifichi mahali unapolenga. Kubwa huonekana upesi, jambo likiwa karibu. Hiyo ndiyo kweli yote.

Lakini mlinzi yuko langoni, na mwizi wake yu mita 10. Hapo nukta ya 6 haifuniki hata sentimita 2, na ya 3 haifiki 1. Mkono usiofundishwa hutikisika kupita hapo. Nani basi atakosa shabaha, nukta au mkono? Tena mwenye kasoro ya jicho huiona nukta kama nyota iliyopasuka. Ni nani kati yetu aliyepimwa macho kwa gharama ya mwajiri?

Sheria ya ulinzi wa binafsi ya mwaka 2016 iliwakataza walinzi wa makampuni kutumia bunduki kazini. Kila wakubwa wanapozungumza juu ya kuibadili, sisi hushangilia bastola na kusahau kuuliza. Nani atalipa mafunzo, na risasi za kujifunzia? Mlinzi akimpiga mpita njia asiye na kosa, nani atasimama naye kortini?

Wapo watakaosema, "Wezi wana bunduki, je, sisi tufe?" Hilo ni swali la haki. Lakini bastola mkononi mwa mtu asiyefundishwa huwa ya yule atakayemnyang'anya.

Basi tudai kwa mpango. Kwanza mafunzo. Pili macho yapimwe. Tatu bima na fidia. Nne nyongeza ya mshahara, maana hatari mpya haibebwi kwa bei ya zamani. Hayo yakipatikana, kila mtu achague nukta inayolifaa jicho lake mwenyewe, wala asichaguliwe na karani wa stoo kwa kutazama bei.

Mpaka hapo, acheni kugombana. Mchagua jembe si mkulima.

Umoja ni nguvu!